Dodoma: Moshi, Maji na Umeme

Wajerumani walipojenga Reli ya Kati mwanzoni mwa karne ya 20, Dodoma ilipata stesheni, na kuzunguka stesheni hiyo ukakua mji. Injini za mvuke zilikatiza nchi ya Wagogo zikifuka moshi. Baadaye zikaja za dizeli.

Mwaka 1973 TANU, chama tawala wakati huo, iliamua kuhamishia makao makuu ya serikali hapo, lakini safari ilikwenda kwa mwendo wa kinyonga hadi 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kuwa serikali inahama. Sensa ya 2012 ilikuta watu zaidi ya 410,000 jijini. Ya 2022, zaidi ya 765,000. Kila wizara, hoteli na pampu ya kisima ilidai umeme.

Umeme huo una historia ya kubahatisha mvua. Bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, lina mitambo ya megawati 80 inayotegemea maji ya Ruaha Mkuu. Ukame wa 2006 ulileta mgao wa umeme, viwanda vikayumba, na taifa likakodi mitambo ya dharura: uchumi ukaokolewa kwa kuchoma mafuta na gesi.

Mwaka 2024 Bwawa la Julius Nyerere, lililobuniwa kutoa megawati 2,115, lilianza kuzalisha. Agosti mwaka huohuo treni ya umeme ilizinduliwa Dodoma.

Jikoni, hata hivyo, mkaa bado unatawala, na hewa ukaa yake haipiti kwenye mita ya shirika la umeme, TANESCO. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034.