Kompyuta yako kazini: Mwajiri ajue nini, asijue nini

MFANYAKAZI anayefika na kompyuta mpakato yake katika lango la ofisi nyingi jijini Dodoma hukutana kwanza na daftari la mlinzi. Humo huandikwa jina lake, aina ya kompyuta na namba yake ya utambulisho. Jioni anapotoka, mlinzi hulinganisha namba hiyo na ile iliyobandikwa chini ya kompyuta.

Utaratibu huo umezoeleka na hauna ubishi mwingi, kwa kuwa unamlinda mwenye mali na pia mwajiri. Ubishi huanza ndani ya jengo, pale ofisa wa teknolojia ya habari anapotaka taarifa zaidi za kompyuta hiyo, au anapoomba kuweka programu ya ofisi katika mashine ambayo mfanyakazi ameinunua kwa fedha zake.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na Mji wa Serikali ulipozinduliwa Mtumba mwaka 2019, jiji limepokea watumishi, washauri, kampuni na mashirika yasiyo ya kiserikali. Miongoni mwa wanaofanya kazi humo wako wenye mikataba mifupi na vijana wa mafunzo kwa vitendo, ambao mara nyingi hawapewi kompyuta na mwajiri. Hao hufanya kazi ya ofisi kwa mashine ileile iliyohifadhi picha za familia, vyeti vya shule na mazungumzo yao ya faragha.

Makala haya yanaeleza taarifa za kifaa ni zipi, kwa nini mwajiri huzihitaji, na mipaka ambayo mfanyakazi anapaswa kuifahamu kabla ya kuweka saini.

Taarifa za kifaa

Taarifa ya kwanza ni namba ya utambulisho inayotolewa na kiwanda. Namba hiyo haibadiliki, na ndiyo inayotumika polisi pale kompyuta inapoibwa na baadaye kupatikana. Kwa simu, namba inayofanana na hiyo ni IMEI yenye tarakimu 15, ambayo Watanzania wengi waliifahamu Juni 2016, wakati Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipozima simu bandia.

Ya pili ni anwani ya MAC, yaani utambulisho wa kadi inayoiunganisha kompyuta na mtandao. Huwa na herufi na tarakimu 12 zilizopangwa mbilimbili, na kwa kawaida sita za mwanzo humtambulisha mtengenezaji. Katika kompyuta yenye Windows, anwani hiyo huonekana kwa kuandika amri ya ipconfig /all.

Hapa wengi hukosea. Mifumo ya kisasa inaweza kutumia anwani ya kubahatisha kila inapojiunga na Wi-Fi. Anayeiandikisha anwani hiyo badala ya ile ya kudumu hujikuta anakataliwa na mtandao wa ofisi siku inayofuata.

Ya tatu ni anwani ya IP, ambayo hutolewa na mtandao na hubadilika mtumiaji anapohama kutoka ofisini kwenda nyumbani. Ya nne ni aina na toleo la mfumo endeshi, pamoja na hali ya ulinzi: iwapo programu ya kuzuia virusi inafanya kazi na iwapo diski imefungwa kwa usimbaji.

Kwa nini mwajiri huzitaka

Sababu kubwa ni usalama. Mei 2017 programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilifunga mafaili katika kompyuta za nchi zaidi ya 150 na kudai malipo. Ilipenya kupitia udhaifu wa Windows ambao Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa marekebisho yake Machi mwaka huohuo. Walioumia wengi walikuwa hawajayaweka.

Kwa hiyo mwajiri anapouliza toleo la mfumo endeshi, huwa anauliza swali la msingi. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025, na kompyuta za mitumba zenye mfumo huo zikiachwa bila mpango wa nyongeza wa marekebisho hubaki na mianya isiyozibwa. Mashine moja dhaifu ndani ya mtandao wa ofisi inatosha kuziambukiza nyingine.

Sababu ya pili ni kumbukumbu. Taarifa zikivuja, ofisi hutaka kujua ni kifaa kipi kilichoingia katika mfumo, saa ngapi na kutoka wapi.

Sheria inasemaje

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalinda faragha ya mtu, ikiwa ni pamoja na mawasiliano yake binafsi. Haki hiyo ilipata nguvu zaidi kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa na Bunge jijini Dodoma Novemba 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi (PDPC), inayoisimamia, ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024.

Namba ya kompyuta peke yake haimtaji mtu. Ikishaandikwa kando ya jina la mfanyakazi, inakuwa njia ya kumtambua, na hapo mwajiri anageuka kuwa mkusanyaji wa taarifa binafsi mwenye wajibu wa kisheria.

Wajibu huo ni pamoja na kumweleza mhusika, kabla ya kukusanya, sababu ya kukusanya na watu watakaozipokea taarifa hizo. Taarifa ziwe zile tu zinazohitajika kwa lengo lililotajwa, zitunzwe kwa usalama, na zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika. Mhusika naye ana haki ya kuziona taarifa zake, kuomba zirekebishwe zikiwa na kosa, na kulalamika mbele ya Tume.

Aidha, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini, na kufuta au kubadilisha taarifa zilizomo bila haki. Sheria hiyo haimbani mfanyakazi peke yake. Inamhusu pia ofisa anayefungua kompyuta ya mwenzake bila ruhusa.

Zipi zitolewe, zipi zizuiwe

Kwa kuzingatia misingi hiyo, hakuna ubaya mfanyakazi kutoa aina ya kompyuta, namba ya utambulisho, anwani ya MAC, toleo la mfumo endeshi na hali ya ulinzi. Hizo zinatosha kwa shughuli nyingi za usalama wa mtandao.

Neno la siri la kompyuta, neno la siri la barua pepe binafsi, ufunguo wa kufungulia diski iliyosimbwa na namba za siri za huduma za fedha kwa simu si taarifa za kifaa. Anayezitaka anaomba kuingia katika maisha ya mtu. Fundi anayehitaji kurekebisha kitu anaweza kufanya hivyo mwenye kompyuta akiwa ameketi kando yake na kuandika neno la siri mwenyewe.

Programu ya usimamizi wa vifaa inahitaji tahadhari zaidi. Ikiwekwa, inaweza kumwezesha mwajiri kulazimisha masharti ya ulinzi, kuona orodha ya programu zilizomo na, kwa kutegemea aina yake, kufuta taarifa akiwa mbali. Kufuta huko kunaweza kuwa kwa mafaili ya kazi pekee, au kwa diski nzima pamoja na picha za harusi na tasnifu ya chuo. Mfanyakazi aulize ni kupi, na jibu litolewe kwa maandishi.

Njia nyepesi ni kutenganisha. Fungua akaunti ya pili katika kompyuta kwa ajili ya kazi tu, yenye neno lake la siri, na mafaili ya ofisi yakae huko. Wako waajiri wanaomwezesha mfanyakazi kufanya kazi kupitia tovuti yenye ulinzi, bila faili kubaki katika mashine yake. Hao hawana haja kubwa ya kuingia ndani ya kompyuta hiyo.

Funzo kutoka Ulaya

Suala hili limekwisha kufika katika mahakama za nje. Mwaka 2007 Bogdan Bărbulescu wa Romania alifukuzwa kazi baada ya mwajiri kusoma mazungumzo yake katika akaunti ya Yahoo Messenger aliyoifungua kwa ajili ya wateja, ambayo aliitumia pia kuwasiliana na ndugu zake.

Septemba 5, 2017, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwa kura 11 dhidi ya sita kwamba faragha yake haikulindwa ipasavyo. Hoja moja iliyokuwa na uzito ni kwamba hakuelezwa mapema kiasi na namna atakavyofuatiliwa. Uamuzi huo hauzibani mahakama za Tanzania, lakini kanuni ya kumweleza mtu mapema imo pia katika sheria yetu.

Kompyuta ikipotea

Ofisa wa mradi anayekusanya takwimu za kaya katika vijiji vya Bahi, Chemba au Chamwino anaweza kurudi mjini na majina, namba za simu na hali za afya za mamia ya watu ndani ya mpakato mmoja. Ukiibwa stendi, mwenye hasara si yeye peke yake. Watu hao hawakuwahi kuulizwa iwapo taarifa zao zihifadhiwe katika kompyuta ya mtu binafsi.

Ndiyo maana kusimba diski na kutoa taarifa ya upotevu mara moja, kwa mwajiri na polisi, ni wajibu wa mfanyakazi hata kama kompyuta ni yake. Diski iliyosimbwa humwachia mwizi chombo kitupu.

Je, mwajiri anaweza kukata mshahara kwa hasara hiyo? Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kimeweka masharti. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi. Mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo, kiasi na namna alivyokokotoa deni. Mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga na akubali makato hayo kwa maandishi. Makato yote yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Wasipoelewana, shauri hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA).

Kuhusu gharama, mahakama ya rufaa ya Jimbo la California, Marekani, iliamua mwaka 2014 kwamba mwajiri anayemtaka mfanyakazi atumie simu yake kwa kazi lazima amrejeshee sehemu ya gharama. Hapa nchini ni busara suala la vifurushi vya intaneti na matengenezo liandikwe katika mkataba kabla ya kazi kuanza.

Ofisi za Serikali

Kwa taasisi za umma, Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na yenye makao makuu Dodoma, ndiyo inayosimamia viwango na miongozo ya mifumo. Mtumishi afuate maelekezo ya taasisi yake, na atumie barua pepe ya Serikali kwa mambo ya Serikali.

Nyaraka zenye alama ya siri hazina nafasi katika kompyuta ya nyumbani. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inagusa utunzaji wa nyaraka hizo, na kusema kwamba faili lilihamishwa kwa flashi ili kazi imalizike nyumbani si utetezi wa kutegemea.

Mambo ya kuandikiana

Makubaliano mazuri hayazidi ukurasa mmoja. Yataje taarifa za kifaa zinazochukuliwa na sababu yake. Nani atazitunza na kwa muda gani. Programu gani itawekwa na inaona nini. Nani analipia intaneti na matengenezo. Na hatua za kuchukua kompyuta ikipotea.

La mwisho ambalo husahaulika ni siku ya kuondoka. Mkataba ukiisha, mfanyakazi akabidhi mafaili ya ofisi na kuyafuta mbele ya mhusika. Mwajiri naye aondoe programu yake, afute anwani ya kompyuta hiyo katika mtandao wake, na athibitishe hayo kwa maandishi. Mlangoni, mlinzi atalinganisha namba kwa mara ya mwisho, na kompyuta itoke ikiwa mali ya mwenyewe kweli.