Uchunguzi wa matatizo ya pombe katika idara ya dharura

Uchunguzi wa matatizo ya pombe katika idara ya dharura ni utaratibu wa kumuuliza mgonjwa au majeruhi maswali mafupi kuhusu unywaji wake wa pombe, ili kumtambua mtu ambaye pombe inahatarisha afya yake na kumsaidia kabla hajaondoka hospitalini. Anayegundulika hupewa ushauri mfupi, na mwenye hali nzito hupewa rufaa. Kwa kuwa maswali hayo ni rahisi kuyasoma lakini ni magumu kumuuliza mtu bila kumwaibisha, madaktari na wauguzi huhitaji mafunzo maalumu.

Uchunguzi huu si sawa na kupima ulevi. Kipimo cha pumzi au cha damu huonyesha kwamba mtu amekunywa saa chache zilizopita, lakini hakionyeshi mazoea yake. Mtu anaweza kufika akiwa hajalewa kabisa na bado akawa na tatizo kubwa la pombe.

Umuhimu

Sababu ya kwanza ni usalama wa mgonjwa. Ulevi unaweza kuficha jeraha la kichwa, upungufu wa sukari katika damu au maambukizi, na mgonjwa akaachwa alale "mpaka pombe imtoke" huku hali yake ikizidi kuwa mbaya. Aidha, mtu aliyezoea kunywa kila siku akilazwa, hukosa pombe ghafla. Kutetemeka na kutokwa jasho huweza kuanza ndani ya siku moja, na kuchanganyikiwa kwa hatari huja mara nyingi siku ya pili hadi ya nne. Wodini dalili hizo zinaweza kudhaniwa kuwa malaria au ugonjwa wa akili ikiwa hakuna aliyeuliza habari za pombe siku ya kwanza.

Sababu ya pili ni nafasi ya kubadilika. Mtu aliyeanguka na bodaboda baada ya kunywa huwa tayari kusikiliza kuliko siku nyingine. Akishonwa jeraha na kuruhusiwa bila neno lolote, nafasi hiyo imepotea.

Historia

Dodoso la AUDIT lilitengenezwa na Shirika la Afya Duniani kutokana na utafiti katika nchi sita, ikiwemo Kenya, na mwongozo wake wa kwanza ulitolewa mwaka 1989. Katika miaka ya 1990 Hospitali ya St Mary's, London, ilianza kutumia kipimo chake kifupi kilichotungwa kwa ajili ya idara ya dharura. Mwaka 1999 Larry Gentilello na wenzake wa Seattle, Marekani, walionyesha kwamba ushauri mfupi kwa majeruhi ulipunguza kujeruhiwa tena kwa karibu nusu. Baadaye hospitali kubwa za majeruhi za Marekani zilitakiwa kuwa na utaratibu huo.

Maswali yanayotumika

CAGE ina maswali manne: kama mtu amewahi kuona anapaswa kupunguza pombe, kuudhika watu wanapomsema kwa unywaji wake, kujiona ana hatia, au kunywa asubuhi ili kuzimua. Majibu mawili ya "ndiyo" huashiria tatizo.

AUDIT ina maswali 10, na jumla ya alama ni 0 hadi 40. Maswali 3 ya kwanza ni ya kiasi cha unywaji, 3 yanayofuata ni ya utegemezi, na 4 ya mwisho ni ya madhara. Mgawanyo wa kawaida wa alama ni huu:

- 0–7: hatari ndogo
- 8–15: ushauri wa kupunguza pombe
- 16–19: ushauri nasaha na ufuatiliaji
- 20–40: uchunguzi zaidi wa utegemezi wa pombe

Mafunzo ya madaktari

Mwaka 2002 Gail D'Onofrio na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwafundisha madaktari waliokuwa wakisomea tiba ya dharura. Waliopata mafunzo yenye mazoezi waliwauliza na kuwashauri wagonjwa mara nyingi zaidi kuliko wasiopata.

Mazungumzo yanayofundishwa huchukua dakika chache na yana hatua nne:

1. Kuomba ruhusa ya kuzungumzia pombe.
2. Kumweleza mgonjwa alama zake na uhusiano wake na kilichomleta hospitalini.
3. Kumuuliza yuko tayari kubadilika kwa kiwango gani, kutoka 1 hadi 10. Akisema 4, huulizwa kwa nini hakusema 2, ili ataje mwenyewe sababu zake za kupunguza.
4. Kukubaliana lengo analoliweza.

Daktari hujifunza kutokaripia na kutohubiri. Hujizoeza kwa igizo, mmoja akiwa mgonjwa na mwingine daktari.

Tanzania

Idara ya dharura ya Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha MUHAS kilianza kufundisha madaktari bingwa wa tiba ya dharura.

Kazi kubwa zaidi ya uchunguzi wa pombe imefanyika katika hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani. Huko karibu theluthi ya majeruhi waliopimwa walikutwa na pombe mwilini. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya kuzifanyia majaribio AUDIT na CAGE kwa Kiswahili cha Tanzania, miongoni mwa wagonjwa walioumia ubongo. Baadaye ulitayarishwa ushauri mfupi uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako, unaotolewa na wauguzi na kufuatiwa na ujumbe wa simu. Kuwatumia wauguzi kunafaa nchini, kwa kuwa madaktari ni wachache.

Changamoto

Kipimo kimoja cha pombe katika AUDIT ni gramu 10 za alkoholi. Bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina karibu gramu 20, yaani vipimo viwili. Gongo haina lebo, na mbege hunywewa kwa chombo cha kupokezana, hivyo anayeuliza hana budi kujua vyombo vya mahali pake.

Unyanyapaa ni kikwazo kingine: mgonjwa huficha kwa kuogopa kuitwa mlevi, au kwa kuwa ndugu zake wamesimama kando ya kitanda. Kwa hiyo maswali huulizwa faraghani, na huulizwa kila mtu mzima, si yule tu anayenuka pombe.

Hatimaye kuna suala la rufaa. Katika miji kama Nansio, makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe, mgonjwa anayehitaji Hospitali ya Bugando jijini Mwanza lazima avuke ziwa. Mahali kama hapo, ushauri wa dakika chache anaopewa na muuguzi wa zamu unaweza kuwa ndio msaada pekee atakaoupata, na kumfundisha muuguzi huyo hakuhitaji mashine wala dawa.

Tazama pia

- Pombe
- Uraibu
- Ajali za barabarani
- Ukerewe