Profesa Falk na kesi ya Namibia

Wanafunzi wangu wa sheria wakisikia jina la Richard Falk hukimbilia Gaza. Wanamjua kama Ripota Maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu maeneo ya Wapalestina, 2008 hadi 2014, Mmarekani wa ukoo wa Kiyahudi ambaye Desemba 2008 alizuiliwa uwanja wa ndege wa Ben Gurion na kutimuliwa. Mimi huwarudisha kwanza Afrika ya Kusini Magharibi, Namibia ya leo.

Novemba 1960 Ethiopia na Liberia ziliishtaki Afrika Kusini kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, kwa kupeleka ubaguzi wa rangi katika nchi hiyo, iliyokabidhiwa kwake kama dhamana tu. Kesi iliposikilizwa mwaka 1965, Falk, mwalimu wa Princeton mwenye miaka 34, alikuwa miongoni mwa mawakili wa upande wetu Waafrika. Hoja aliyoibeba ilikuwa ya kijasiri: mataifa yamekwisha kuukataa ubaguzi kwa kauli moja kiasi kwamba katazo hilo limekuwa sheria, Pretoria itake isitake. Mahakama haikuijibu. Tarehe 18 Julai 1966 majaji waligawanyika 7 kwa 7, Rais wao, Percy Spender wa Australia, akaongeza kura yake ya uamuzi, na Waafrika wakaambiwa hawana haki ya kudai lolote katika shauri hilo. Miaka karibu sita ya kazi! SWAPO, chama cha ukombozi cha Namibia, ikatoa tamko kutoka Dar es Salaam kwamba sasa hakuna njia ila silaha. Agosti 26 mapigano yakaanza Omugulugwombashe.

Falk hakuliacha jambo hilo. Mwaka 1968 alikwenda Pretoria kama mwangalizi wa kesi ya mpigania uhuru wa Namibia Andimba Toivo ya Toivo na wenzake, walioshtakiwa kwa sheria ya ugaidi iliyotungwa 1967 na kurudishwa nyuma hadi 1962. Toivo alipewa miaka 20. Mwanasheria aliyeona hayo, naamini, hawezi tena kuisoma sheria bila kuuliza ni nani anayeishika.

Swali hilo alikwenda nalo Hanoi wakati wa vita vya Vietnam, na likamgombanisha na wengi nyumbani. Lilimpotosha pia. Februari 1979 aliandika katika New York Times akiwataka wasomaji wamwamini Khomeini, kiongozi wa mapinduzi ya Iran. Wafungwa walionyongwa Iran baada ya hapo wanatosha kuonyesha alivyokosea, na hapo simtetei.

Lakini ile hoja ya Namibia haikufa. Mwaka 1971 Mahakama ileile ilisema Afrika Kusini iko Namibia kinyume cha sheria. Tarehe 19 Julai 2024, ilipotamka kwamba Israeli nayo inayakalia maeneo ya Wapalestina kinyume cha sheria, majaji walinukuu maoni ya 1971. Falk alikuwa na miaka 93.