Sugu
Mkulima aliyeshika jembe miaka mingi huota sugu kiganjani, ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa palepale. Neno hilohilo tunalo katika "ugonjwa sugu wa mapafu", kwa maana ya uliokaa muda mrefu. Lakini tunasema pia "vijidudu sugu", yaani visivyosikia dawa. Mgonjwa anayehema kwa shida husikia maana hii ya kutosikia dawa, akakata tamaa, na sigara akaendelea nayo.

Inauma, kwa sababu ukweli unajulikana. Daktari Charles Fletcher na wenzake waliwafuatilia wanaume 792 wa London kwa miaka 8, wakiwapima nguvu ya pumzi, na mwaka 1976 wakachapisha kitabu. Walionyesha kwamba mapafu yaliyokwisha kuharibika hayarudi yalivyokuwa. Hata hivyo mvutaji akiacha, kasi ya kudhoofika hupungua, ikakaribia ile ya mtu asiyevuta kabisa. Hata anayeacha akiwa mzee hupata nafuu hiyo.

Ningependa madaktari na wauguzi waseme "ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu". Hilo "sugu" tuwaachie vijidudu.