Mamboleo: Uwanja Wenye Jina Zito

Ukitoka Kondele kwa barabara ya Kakamega, kondakta ataanza kupaza sauti "Mamboleo! Mamboleo!" kabla hujamaliza hata kutafuta nauli mfukoni. Hapo ndipo barabara inapojiandaa kupanda kuelekea Kiboswa, na hapo ndipo ulipo uwanja mkubwa wa Kisumu. Wenyeji wa makamo wanapakumbuka kwa maonyesho ya kilimo: ng'ombe wa gredi, matrekta, na watoto wa shule waliopangwa mistari wakiwa na sare zao. Leo pana majukwaa, nyasi za mpira na njia ya riadha.

Jina rasmi ni Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta. Kwingineko Kenya jina hilo halimshtui mtu. Kisumu ni hadithi nyingine.

Mwaka 1969 ulikuwa mchungu tangu mapema. Tom Mboya, waziri na mwanasiasa mashuhuri wa Kijaluo, aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai. Tarehe 25 Oktoba Rais Jomo Kenyatta akaja Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, ile ambayo watu wanaiita "Russia" hadi leo, ingawa sasa ina jina la Jaramogi Oginga Odinga. Wafuasi wa KPU, chama cha upinzani kilichoongozwa na Jaramogi, walimzomea. Kenyatta na Jaramogi wakarushiana maneno makali hadharani, na msafara ulipokuwa unaondoka walinzi wakafyatua risasi kwenye umati. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Wakazi wamesema siku zote kwamba walikuwa wengi zaidi. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku, na Jaramogi akawekwa kizuizini.

Kwa hiyo tarehe 1 Juni 2021, Uhuru Kenyatta, rais wakati huo, aliposimama Mamboleo kuongoza sherehe za kitaifa za Madaraka, Rais Évariste Ndayishimiye wa Burundi akiwa mgeni wake, haikuwa sikukuu ya kawaida. Tangu 2016 sherehe hizo zilikuwa zimeanza kuzungushwa nje ya Nairobi, zikapita Nakuru, Nyeri, Meru na Narok. Zamu ya Kisumu ilifika baada ya Uhuru na mpinzani wake Raila Odinga kupeana mkono wa maridhiano Machi 2018. Mtoto wa Jomo na mtoto wa Jaramogi walikutana katika uwanja mpya, mji uleule. Naamini siku ile ilipoza kitu, hata kama korona ilipunguza waalikwa na wengi wakaishia kutazama kwenye runinga.

Miaka minne baadaye uwanja ulifurika kwa msiba. Raila alifariki India tarehe 15 Oktoba 2025, na siku tatu baadaye mwili wake ukaletwa Mamboleo ili watu wa ziwa wamuage, kabla ya kuzikwa Bondo kesho yake. Wengine walifika usiku wa kuamkia siku hiyo, matawi mikononi, wakiimba na kulia. Katika msongamano ule watu kadhaa waliumia.

Na mpira? Hapa ndipo moyo wangu unapouma. Nyanza, eneo hili la ziwa, imeilisha soka ya Kenya tangu zamani. Luo Union ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati 1976 na 1977. Gor Mahia, K'Ogalo yenyewe, iliyoanzishwa 1968 na kupewa jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, ilishinda Kombe la Washindi Afrika 1987 dhidi ya Espérance ya Tunisia: sare ya 2–2 kule Tunis, kisha 1–1 nyumbani, kombe likaamuliwa na mabao ya ugenini. Ila hiyo "nyumbani" ilikuwa Kasarani, Nairobi. Mashabiki wa Kisumu walilazimika kusafiri usiku kucha, au kukaa karibu na redio.

Ningeomba serikali ya kaunti itenge chumba kimoja tu pale Mamboleo. Ziwekwe jezi za kijani za 1987, picha za Madaraka na za Oktoba 2025, na majina ya waliouawa 1969, yote yanayoweza kupatikana, wakati ndugu zao wangali hai kuyataja.