Kabla ya Kitabu cha Picha Machakos
Wanaojitolea kuwasomea watoto wa Machakos vitabu vya picha huambiwa wanaiga ugeni. Sivyo. Huku Ukambani, nchi ya Wakamba, bibi alisimulia ngano za sungura na fisi jioni bila ujira. Mtafiti Gerhard Lindblom wa Sweden alizikusanya miaka ya 1911 na 1912, na msomi John Mbiti akachapisha mkusanyo wake mwaka 1966. Kujitolea nako kulikuwa na jina, mwethya, yaani kazi ya pamoja, iliyochimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Kweli, msimulizi huwatazama watoto machoni, msomaji hubanwa na ukurasa. Lakini hubanwa kidogo tu: akiwageuzia picha, nao wakamkatiza kwa maswali, hadithi huwa ya wote. Kilichopungua hasa ni jioni yenyewe, iliyomezwa na kazi za shule.