Nani Mwenye Urojo?

Katika mtaa wa Belém jijini Lisbon, karibu na monasteri ya Jerónimos, kuna duka la waokaji ambalo watu hulipangia foleni. Wanachokifuata ni kitu kidogo cha kuenea kiganjani: kikombe cha unga uliokunjwa kwa siagi tabaka juu ya tabaka, na ndani yake krimu ya viini vya mayai iliyoungua kidogo usoni. Hunyunyiziwa mdalasini na sukari ya unga, kikaliwa kingali moto. Duka lilianza kukiuza mwaka 1837, miaka 3 baada ya serikali ya Ureno kuzifunga nyumba za watawa, na inasimuliwa kwamba mapishi yalitoka kwa watawa hao. Tangu hapo ni siri. Waokaji wachache wanaoyajua huchanganya unga na krimu ndani ya chumba wasichoingia wengine, na jina Pastéis de Belém ni mali ya duka hilo peke yake. Muokaji mwingine, hata akiwa jirani wa ukuta kwa ukuta, sharti chake akiite pastel de nata.

Sasa twende Unguja. Ukiulizia urojo mzuri Mji Mkongwe, mara nyingi hutajiwi mgahawa, unaelekezwa kwa mtu. Pita uchochoro huu, kata kushoto, utamwona bibi ameketi mlangoni kwake na sufuria. Fika baada ya alasiri, usichelewe. Na chakula chenyewe hakina cha kufichwa. Ni mchuzi mwepesi wa unga wa ngano, wenye rangi ya manjano, uliokolezwa ukali wa embe mbichi au ukwaju. Humo hutumbukizwa viazi vya kuchemsha, bajia na kachori, pengine yai na vipande vya mishkaki, kisha juu chatne ya nazi, pilipili, na chipsi za muhogo unazotakiwa kuziwahi kabla hazijalowa. Yote hayo yanauzwa sokoni Darajani, na muuzaji atakutajia bila kuulizwa mara ya pili.

Ugumu uko kwenye kipimo. Embe ikizidi, meno yanaingia ganzi. Unga ukizidi, umepewa uji wa mgonjwa. Kachori ikikaangwa mapema mno, inavunjikavunjika bakulini na kuutibua mchuzi wote. Bibi hana mizani wala kikombe cha kupimia. Anaonja, ananyamaza, anaongeza. Ndiyo maana tunasema fulani ana mkono, wala hatusemi ana mapishi. Na mkono haurithishwi kwa hati. Bibi akiugua, au akihamia kwa mwanawe Dar es Salaam, wateja wanalalamika kwamba urojo umebadilika, ingawa jiko ni lile lile na sufuria ni lile lile.

Hapa ndipo njia zinapoachana. Belém sifa imefungwa kwenye nyumba, na mpishi anaweza kubadilika bila mlaji kujua. Pwani yetu sifa inatembea na mtu. Kwa hiyo wao wana duka lenye umri wa karibu karne mbili, nasi tuna chakula kinachojulikana na kila mtu lakini hatuna karibu nyumba yoyote ya kukiegemeza.

Wapenzi wa siri wataniambia kwamba kufunga mlango kunakilinda chakula. Sidhani. Vikombe vile vya krimu vinaokwa Ureno nzima, na vimefika hadi Macau. Siri haikuwazuia waigaji hata kidogo. Kilicholindwa ni foleni ya mlango mmoja.

Umiliki wa namna hiyo una gharama zake, na Vienna wanazijua. Keki ya chokoleti ya Sacher inahusishwa na Franz Sacher, aliyekuwa mwanagenzi jikoni kwa mwanasiasa Metternich mwaka 1832. Mwanawe Eduard alijifunza kazi katika duka la Demel, kisha mwaka 1876 akafungua hoteli yenye jina la ukoo. Hoteli ilipofilisika mwaka 1934, haki ya keki ikaangukia Demel, huku wamiliki wapya wa hoteli nao wakidai keki ya asili ni yao. Kuanzia mwaka 1954 hadi 1963 nyumba hizo mbili zilikuwa mahakamani. Moja ya hoja ilikuwa hii: jamu ya aprikoti ipakwe pia katikati ya keki, au chini ya chokoleti ya juu tu? Miaka 9 ya kulipa mawakili kwa ajili ya jamu! Mwishoni walipatana, hoteli ikabaki na haki ya kuiita yake ya asili.

Linganisha na bhajia za Maru za Nairobi: viazi vilivyokatwa vyembamba, vikachovywa kwenye unga wa dengu wenye dania na pilipili, vikakaangwa na kuliwa na chatne ya nyanya. Leo jina hilo limo kwenye menyu za watu wasio na undugu wowote na akina Maru. Ni ushindi mkubwa kwa chakula. Kwa biashara, sina hakika.

Iko njia ya tatu, nayo ndiyo inayonivutia. Naples, mgahawa wa L'Antica Pizzeria da Michele ulianza mwaka 1870, na kwa miaka mingi umesifika kwa kuuza piza za aina mbili tu, marinara na margherita. Menyu fupi vile ni kiburi chenye faida: unga hauchachi kupita kiasi, nyanya hazilali, na mkono unarudia jambo lile lile mpaka unalifanya bila kufikiri. Lakini hakuna siri. Mwaka 1984 wapishi wa mji huo waliunda chama na kuandika kanuni hadharani: unga ni wa ngano, maji, chumvi na hamira, donge litandazwe kwa mkono, si kwa mpini wa kusukumia, piza ikae ndani ya tanuri la kuni sekunde 60 hadi 90. Yeyote duniani anaweza kuzisoma. Akitaka jina, azifuate.

Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza ufundi huo katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Angalia walichokiorodhesha: kazi ya mikono ya mpishi, si piza yenyewe. Mkono ule tunaosema haurithiki, Naples wameuandika na kuufundisha.

Nasi tunahitaji hilo haraka, maana chakula kisicho na mwenyewe hakina wa kukitetea. Urojo mwingi ninaouziwa siku hizi umetiwa ndimu ya unga badala ya embe, na chipsi zake zimetoka kwenye pakiti. Mahakama hazitasaidia, wala sitaki bibi yeyote amshitaki jirani yake. Ninachotaka ni watengeneza urojo wa Unguja wakae pamoja, wakubaliane kipimo, wakiandike, na kila mmoja apewe kijana wa kumfundisha kwa malipo. Mji Mkongwe umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, kwa ajili ya majengo yake. Wapishi wake hawamo.